Nguvu mbili za udongo

Mvua ya kwanza ya Novemba ikipiga mtaa wa Makomeno, harufu ya udongo huinuka kabla maji hayajaanza kutiririka. Kwa miezi mitano na zaidi ardhi ya Lubumbashi imekuwa ngumu kama tofali la kuchoma. Ukiipiga sululu, sululu inakurudia. Kisha, ndani ya wiki chache, pale pale palipokuwa pakirusha cheche, kiatu kinazama hadi kifundoni. Msimu mmoja wa mvua nilisimama ukingoni mwa mtaro wa msingi, upande wa mtaa unaoteremkia bondeni, nikimtazama fundi aliyechuchumaa ndani yake. Hakuwa na chombo chochote mkononi. Aliweka kidole gumba kwenye ukuta wa mtaro, akasukuma. Kidole kikaingia bila taabu hadi kwenye kiungo. Akasogea hatua tatu, akasukuma tena; safari hii kikaacha alama tu.

"Papa," akaniambia, "hapa nyumba itasimama. Pale itaketi."

Kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia. Akamega bonge kutoka sehemu ile laini, akaokota jingine kavu, gumu, lililokuwa limekaa chini ya paa la kibanda, akayatumbukiza yote mawili kwenye ndoo ya maji. Lile gumu likaanza kutoa mapovu, likapasuka, likamomonyoka kama sukari. Lile laini likabaki bonge. Nilipomuuliza sababu alicheka, akaendelea na kazi. Nimelifikiria bonge lile kwa miaka mingi, na kila nilichosoma baadaye kuhusu historia ya kupima udongo kilinirudisha kwenye ndoo ile: udongo una nguvu mbili, moja ya kubeba mzigo na nyingine ya kukataa kuchukuliwa na maji, na ya kwanza haikuambii lolote la uhakika kuhusu ya pili. Wasomi walichukua karne mbili kulikubali hilo.

Tuanze na mji wenyewe. Reli kutoka kusini ilifika hapa mwaka 1910, na mji ukaitwa Elisabethville. Mwaka uliofuata tanuru la shaba la Union Minière likawashwa kando ya mto Lubumbashi. Makomeno ni miongoni mwa mitaa iliyokua pamoja na kampuni hiyo ya migodi, iliyotaifishwa mwanzoni mwa 1967 na baadaye kuitwa Gécamines. Mji ulihitaji matofali, na matofali yakahitaji mfinyanzi. Mfinyanzi ulikuwepo tayari, umerundikwa juu ya ardhi na wafanyakazi wasiolipwa mshahara: mchwa.

Mtu asiyeijua Katanga, eneo letu hili, anaposikia neno kichuguu hufikiria kitu cha kufika kiunoni. Vichuguu vya hapa ni vilima. Vile vya mchwa wa jamii ya Macrotermes falciger hufika hata mita 8 kwenda juu, na msingi wa kimoja unaweza kuzidi mita 14 kwa upana. Mchwa huchimba chini sana, huchagua chembe laini, huzipandisha, huzibandika kwa mate, na kazi hiyo huendelea kizazi baada ya kizazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Ghent, Ubelgiji, walipopima umri wa vichuguu vya jirani na mji kwa njia ya kaboni, wakakuta kwamba sehemu za chini za kimoja zina zaidi ya miaka 2,000. Tafakari kidogo, msomaji: kichuguu kilichokatwa juzi kwa koleo ili kufyatua matofali huenda kilianza kujengwa kabla Uislamu haujafika pwani yetu. Ndani yake mna mfinyanzi mwingi kuliko ardhi inayokizunguka, na mara nyingi mna chokaa pia. Ndiyo maana mafundi wa matofali wa Lubumbashi hukitafuta kwanza. Hawakuhitaji maabara kujua kwamba udongo ule unashikana.

Lakini sio Katanga yote iliyo kichuguu. Mwaka 1959 C. Sys na A. Schmitz walichapisha ramani ya udongo na uoto wa eneo la Elisabethville, na hadi leo ni kazi ya kuheshimiwa. Ukiishika ramani kama hiyo na ukatembea kwa miguu, unaona jambo ambalo mkulima yeyote wa hapa analijua. Juu kwenye miinuko kuna udongo mwekundu, wenye chuma kingi, unaopitisha maji upesi. Chini kwenye mabonde kuna dembo, yaani nyika za majani zinazolowa msimu mzima, zenye udongo mweusi au wa kijivu, laini, mzito, unaonata kwenye jembe. Mji ulipoanza ulikaa juu. Watu walipoongezeka, nyumba zikateremka kuelekea mabondeni, na hapo ndipo kidole gumba cha fundi kinapopata kazi.

Huko Ulaya swali la nguvu ya udongo liliwasumbua kwanza wanajeshi. Charles-Augustin Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyejenga ngome katika kisiwa cha Martinique, aliwasilisha mwaka 1773 mbele ya chuo cha sayansi cha Paris maelezo ya nini kinachozuia ardhi isiporomoke. Alisema nguvu ya udongo ina sehemu mbili: mshikamano wa chembe zenyewe, na msuguano unaoongezeka kadiri udongo unavyokandamizwa. Wanafunzi wa uhandisi hufundishwa hivyo mpaka leo. Lakini Coulomb hakuwa na habari nyingi za mfinyanzi uliolowa. Aliyeukabili kwa mikono yake alikuwa Mfaransa mwingine, Alexandre Collin, aliyeona kingo za mifereji zikiteleza na kuziba njia ya mashua. Mwaka 1846 Collin alichapisha kitabu kuhusu maporomoko ya udongo wa mfinyanzi. Alikata vipande vya udongo, akavipima kwa uzito mpaka vikakatika, akaonyesha kwamba mfinyanzi ule ule hupoteza nguvu kadiri maji yanavyoongezeka ndani yake. Kitabu kilisahauliwa kwa karibu miaka 100. Kila ninapokikumbuka huona uchungu, kwa sababu katika miaka hiyo reli zilijengwa duniani kote juu ya kingo ambazo Collin angeweza kuzihukumu.

Walioamka wakiwa na maiti mbele yao walikuwa Waswidi. Nchi yao ina mfinyanzi laini uliotuama chini ya bahari ya kale, na reli zao zilikuwa zikiteleza. Mwishoni mwa 1913 shirika la reli la Sweden liliunda tume ya wataalamu wa ardhi, mwenyekiti wake akiwa Wolmar Fellenius na katibu wake John Olsson. Kabla tume haijamaliza kazi, tarehe 1 Oktoba 1918, tuta la reli liliporomoka huko Getå, treni ikatumbukia, na watu wasiopungua 42 wakafa. Tume ilitoa ripoti yake mwaka 1922. Kutokana na kazi yao tulipata chombo ambacho uzuri wake uko katika wepesi wake: koni ya chuma. Unaining'iniza ncha yake ikigusa uso wa udongo, unaiachia, unasoma imezama milimita ngapi. Koni ya gramu 60 yenye ncha ya nyuzi 60 ndiyo iliyozoeleka. Ukiitazama vizuri utaona kwamba ni kidole gumba kilichopewa uzito usiobadilika na kunyang'anywa ubishi.

Mswidi mwingine, Albert Atterberg, mkemia wa kilimo, alikuwa ameshauliza mwaka 1911 swali lililo karibu na mikono ya mfinyanzi yeyote wa vyungu: udongo unahitaji maji kiasi gani ili uanze kufinyangika, na kiasi gani ili uanze kutiririka? Mpaka leo katika maabara yoyote ya udongo utamkuta mtu mzima mwenye shahada akiviringisha kijiti cha udongo kwa kiganja juu ya kioo, mpaka kikiwa na unene wa milimita 3 hivi kianze kukatikakatika. Maji yaliyomo wakati huo ndiyo mpaka wa kufinyangika. Mama anayefinyanga chungu ameufanya mtihani huo maelfu ya mara bila kuuandika.

Kisha akaja Karl Terzaghi. Alizaliwa Prague mwaka 1883, na alipokuwa akifundisha Istanbul alijenga kwa mikono yake vyombo vya kukandamiza mfinyanzi na kupima jinsi maji yanavyotoka polepole. Mwaka 1925 alichapisha kitabu kilichoifanya elimu ya udongo kuwa fani. Jambo lake kuu ni hili: mzigo ukiwekwa juu ya mfinyanzi uliojaa maji, maji ndiyo yanayoubeba kwanza. Chembe za udongo huupokea taratibu, kadiri maji yanavyokimbia. Kwa hiyo nyumba yaweza kusimama vizuri leo na kuketi mwaka ujao. Na kama mzigo umekuja haraka kuliko maji yanavyoweza kutoka, ardhi hukatika siku hiyo hiyo.

Kilichobaki kilikuwa kuupima udongo pale pale ulipo, kwa sababu mfinyanzi laini ukichimbwa na kubebwa kwenye lori umeshakuwa udongo mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Waswidi walikamilisha kifaa chenye mapanga manne ya chuma yaliyopangwa kama msalaba kwenye ncha ya fimbo. Kinasukumwa chini ardhini, kinazungushwa, na nguvu inayohitajika hadi udongo ukatike inasomwa juu. Ukiendelea kukizungusha mara nyingi unausoma udongo uliovurugwa, na tofauti kati ya masomo mawili inakuambia udongo huo unachukiaje kuguswa. Nguvu ikiwa chini ya kilopaskali 12 huitwa udongo laini sana: ngumi inazama humo. Kati ya 12 na 25 ni laini: kidole gumba kinaingia kwa urahisi. Zaidi ya hapo, hadi 50, kidole gumba kinahitaji kusukumwa kwa nguvu. Ndiyo, vitabu vya wahandisi huandika hivyo hivyo, kwa kidole gumba. Yule fundi wa Makomeno alikuwa anasoma jedwali lile lile.

Nimemtaja Terzaghi kwa sababu kuu moja: hadithi yake ilifika kwetu. Katika miaka ya 1950 Nairobi ilikuwa na kiu, na bwawa lilikuwa likijengwa Sasumua, Kinangop ya Kusini, chini ya milima ya Aberdare. Tuta lilitakiwa kujengwa kwa mfinyanzi mwekundu wa hapo hapo, uliotokana na miamba ya volkano. Vipimo vikaja vya kutisha. Kwa majedwali ya Ulaya na Marekani, udongo ule ulikuwa na maji mengi mno hata ulipokuwa umeshindiliwa vizuri, na ukikaushwa ulikuwa mwepesi mno. Kwa majedwali hayo ulistahili kutupwa. Lakini ulipokatwa kwenye mtambo wa kupimia nguvu, ulikuwa imara kuliko ulivyopaswa kuwa. Terzaghi akaombwa ushauri. Jibu lake, alilolichapisha mwaka 1958 katika jarida la chama cha wahandisi wa ujenzi cha Uingereza, lilikuwa kwamba chembe za mfinyanzi ule, wa madini ya halositi, hazikai moja moja. Zimeshikana katika vifundo vidogo vigumu vyenye matundu. Maji mengi yaliyopimwa yalikuwa yamefungiwa ndani ya vifundo, hayakuwa yakilainisha chochote. Tuta likajengwa, na Nairobi ikanywa maji yake.

Hapa pana funzo ambalo maabara zetu hazipaswi kulisahau, na Katanga inalihitaji kuliko wengi. Udongo mwekundu wa miinuko ya Lubumbashi hautokani na volkano, na madini yake makuu ni kaolini, lakini nao umeshikana katika vifundo vidogo kwa gundi ya chuma. Ukiuminya kwa vidole unahisi kama mchanga, kumbe ni mfinyanzi. Na udongo wa jamii ya Sasumua ukikaushwa kwenye tanuri kabla ya kupimwa hubadilika usirudi ulivyokuwa. Kipimo kilichotungwa kwa mfinyanzi wa bahari ya Sweden kinaweza kuusingizia udongo wetu ubaya usio nao. Chaweza pia kuusingizia wema.

Kuhusu nguvu ya pili, ile ya kukataa kuchukuliwa na maji, somo lilichelewa na lililipiwa kwa roho za watu. Tarehe 5 Juni 1976, katika jimbo la Idaho, Marekani, bwawa jipya la Teton lilikuwa likijazwa kwa mara ya kwanza. Asubuhi wafanyakazi waliona maji ya matope yakichuruzika kwenye tuta. Tingatinga zilipelekwa kuziba tundu, tundu likazimeza. Kabla ya saa sita mchana tuta lilikuwa limebomoka. Watu 11 walikufa. Moyo wa tuta lile ulikuwa wa vumbi laini lililoletwa na upepo zama za kale, likashindiliwa vizuri. Lilikuwa na nguvu ya kutosha kusimama. Halikuwa na nguvu ya kulizuia tundu lisipanuke.

Wako waliokuwa wameshaonya. Australia, mabwawa madogo ya wafugaji yalikuwa yakitoboka yanapojazwa mara ya kwanza, na mwaka 1967 William Emerson alichapisha njia ya kuugundua udongo wa aina hiyo kwa bonge dogo na chombo cha maji. Marekani, James Sherard na wenzake walitoa mwaka 1976 kipimo cha tundu la sindano: unashindilia udongo kwenye silinda, unautoboa tundu la milimita 1, unapitisha maji safi. Yakitoka safi na tundu likabaki lilivyo, udongo ni mwaminifu. Yakitoka na wingu la maziwa, hata kama udongo huo ulikuwa mgumu kama jiwe mkononi, usijenge tuta nao kabla ya kuutibu. Baadaye Jean-Louis Briaud wa Texas A&M akatengeneza mtambo unaosukuma udongo milimita 1 tu ndani ya mfereji wa maji yanayokwenda kasi, na kupima unaliwa kwa muda gani. Aliupima udongo wa aina nyingi. Kati ya ugumu wa mfinyanzi na kasi ya kuliwa kwake na maji hakupata uhusiano wa kutegemewa. Ni lile lile la ndoo ya fundi wetu.

Sababu haina uchawi. Bonge kavu lina hewa kwenye vitundu vyake. Maji yakiingia kwa kasi, hewa inabanwa na kulipasua kutoka ndani. Bonge lililolowa tayari halina hewa ya kulipasua. Hewa ya lile kavu ndiyo mapovu niliyoyaona. Aina mbaya zaidi ni ile yenye sodiamu nyingi, ambayo chembe zake husukumana zenyewe zikiguswa na maji safi, zikaelea mbali kama unga. Chuma na chokaa huzifunga chembe pamoja, na ndiyo maana udongo mwekundu wa miinuko, ukiachwa na majani yake, huvumilia mvua nyingi. Ukiuvua majani na kuchimba mfereji usio na sakafu, msimu mmoja wenye mvua za milimita 1,200 hivi unatosha kuugeuza mfereji kuwa korongo.

Afrika Mashariki haijakosa vifo vyake. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, baada ya wiki za mvua kubwa, bwawa la Patel huko Solai, Nakuru, lilipasuka likasomba makazi yaliyokuwa chini yake. Zaidi ya watu 40 walikufa, wengi wao watoto na wanawake. Hata Sasumua, ambako tuta la Terzaghi lilisimama, mafuriko ya mwaka 2003 yaliiharibu njia ya kumwagia maji ya ziada. Na Bukavu, mtaa wa Funu umejengwa juu ya poromoko la kale ambalo bado linatembea. Watafiti wamelipima kwa setilaiti, na kwa kulinganisha picha za angani za miaka 70 wakaonyesha kwamba ujenzi wa mji wenyewe umelifanya liende kasi zaidi.

Makomeno haina bwawa la kulihofia kila usiku. Ina mifereji, misingi, kuta za ua na mashimo ya choo, na kila kimoja kinategemea nguvu hizi mbili. Anayejenga nyumba ya ghorofa hana kisingizio: apeleke udongo wake maabara, aombe upimwe ukiwa na unyevu wake, na adai majibu ya nguvu ya kubeba pamoja na majibu ya mmomonyoko, kwa sababu mara nyingi hupewa yale ya kwanza peke yake. Lakini najua wengi wanaosoma haya watajenga vyumba viwili na ukuta, kwa pesa zilizohesabiwa. Kwenu ninyi nina ombi dogo. Kabla ya kumlipa fundi, chukua bonge la udongo wa mtaroni lenye ukubwa wa punje ya haragwe, likiwa na unyevu wake. Kinga maji ya mvua kwenye glasi safi. Ya kisima yana chokaa na yatakuficha ukweli. Litumbukize taratibu, usitikise, subiri saa mbili. Likibaki bonge, au likiporomoka chini lakini maji yakabaki safi, jenga kwa uangalifu wa kawaida. Ukiona wingu kama la maziwa likitambaa kulizunguka, usiache mfereji wowote wazi karibu na msingi huo. Changanya chokaa kwenye udongo unaorudishia, shindilia, panda majani, na upeleke maji ya paa mbali na ukuta kabla ya mvua za Novemba.